Kumbukumbu Iliyobaki Bondeni

Juzi, kwenye duka moja la dawa Makadara, mbele yangu alisimama mama wa buibui. Mumewe ameketi pembeni na bakora yake. Kwa sauti iliyotutosha sote, mama alieleza kwamba mzee alipata kiharusi kidogo, damu ikapungua kichwani, na tangu hapo amesahau zamu za wakeze. Kila magharibi miguu yampeleka Bondeni kwa mke mdogo. Njia ya Kibokoni, kwake yeye mkubwa, haiijui tena.

“Dawa hii hairudishi kilichopotea, mama,” alisema muuza dawa. “Inalinda kumbukumbu iliyobaki.”

Mama akaisukuma pakiti kwa kidole kimoja. “Iliyobaki ni Bondeni, mwanangu. Niilinde kwa mkono wangu mwenyewe?”

Foleni nzima tukatazama dari. Mzee akakohoa, akainuka taratibu.

“Mke wangu, kwani leo si zamu yako? Twende zetu Kibokoni, nimeyatamani mahamri yako.”

Mama hakumtazama. Akaivuta tena pakiti. “Nifungie, mwanangu. Hii yafanya kazi hata kabla ya kumezwa.”

Madaktari watabisha. Sisi wa kwenye foleni tulishuhudia.