Mlio wa Usukani wa Baba

Pikapu ya baba ilikuwa ikiguna kila ukikata kona. Kwenye kona iliyo chini ya shamba letu la kahawa iliguna mpaka ikasikika nyumbani, na mama akiisikia alibandika maji ya ugali. Baba anapofika, maji yanachemka.

Tulipomzika baba nikaanza kuiendesha mimi, huku nikiota kupandisha dagaa kutoka ziwani kuja kuuza mjini Mbinga. Mama akaendelea kubandika maji akisikia ule mlio. Ugali huo, tuliokula pamoja, ndio mlo pekee aliougusa kwa siku.

Juzi usukani ukazidi kuwa mzito, nikaenda kwa fundi. Akaniambia niuzungushe mpaka mwisho. Ukaguna. Akafungua kikopo cha oili ya usukani, akacheka.

"Dogo, povu tupu! Ulikuwa unaliendesha kwa rozari?"

Mpira unaopeleka oili kwenye pampu ulikuwa umelegea, unanyonya hewa. Akaubana kwa klipu mpya, akajaza oili, tukazungusha usukani huku na huku mpaka hewa ikaisha. Kimya kabisa. Nikapanda mlima nikiimba.

Nyumbani jiko lilikuwa limepoa. Mama alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mbona hujabandika maji?"

"Marahaba. Kumbe umefika? Sijasikia gari."

"Nimelitengeneza, mama. Haliguni tena."

Akalitazama.

"Hata kidogo?"

Nikaingia jikoni, nikawasha moto, nikabandika maji mwenyewe.