Nyundo ya Shoto

Dada yangu alimzika mumewe, na kabla udongo wa kaburi haujakauka alikuwa ofisini akimwombea marehemu kibali cha kusafirisha magogo. Msimlaumu kabla ya kunisikiliza hadi mwisho. Wa kulaumiwa ni wengi, na baadhi yao wamekalia viti vya kuzunguka.

Mumewe tulimwita Shoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kuandika, kushika msumeno, hata kupungia watu njiani. Alikuwa mkandarasi wa magogo. Ukisikia mkandarasi usifikirie mtu wa gari lenye vioo vyeusi. Shoto alikuwa na misumeno miwili ya mashine, vijana wachache wa kazi, na faili. Hilo faili lilimtoa jasho kuliko miti. Anayetaka kukata miti ya serikali huanza na cheti cha biashara, akaongeza cha mlipakodi, cha kutodaiwa kodi, bima ya vibarua, mkataba wa mauzo, leseni ya kuvuna na stakabadhi za malipo yote. Kila karatasi iwe na nakala tatu, na kila nakala ibandikwe picha ndogo ya mwombaji, asiyecheka wala kuvaa kofia. Shoto, mtu wa kucheka ovyo, alitoka kwenye picha zile kama mtu aliyekamatwa akiiba kuku.

Mbali na karatasi kulikuwa na nyundo. Kila mkandarasi ana nyundo yake iliyosajiliwa, yenye herufi zake zilizochongwa usoni. Kila gogo ligongwe alama kwenye kichwa chake, na agonge mwenye leseni mwenyewe, si mkewe wala kibarua wake. Gogo lisilo na alama halitoki msituni. Na leseni hairithiwi. Mwenye leseni akifa, nyundo inarudishwa ofisini ikakatwe, na magogo ambayo hayajatoka yanabaki ya serikali. Mjane akitaka, aombe upya zabuni zikitangazwa, apange foleni na wengine. Aliyeandika sheria hiyo sijui kama aliwahi kufiwa.

Basi Shoto alikuwa amemaliza kuangusha misonobari ya kitalu kizima, kipande cha msitu alichouziwa. Magogo yalipangwa kando ya njia, nusu ameshayagonga, nusu bado. Akasema ngoja niende kwetu mara moja nikamwone mama. Akalala huko akilalamika kifua, asubuhi hakuamka. Tulikwenda watu wachache wa familia, tukamzika huko huko.

Tukiwa bado makaburini, mdogo wake Shoto alimsogelea dada akamnong'oneza, "Shemeji, tutoe magogo kwanza. Kulia kupo."

Nilitamani kumzaba kofi. Lakini dada alitikisa kichwa kukubali, na nilijua kwa nini. Kila walichokuwa nacho, pamoja na kiwanja walichokiuza, kilikuwa kimelala kando ya njia ile. Msonobari ukikaa chini baada ya kukatwa huingiwa na ukungu wa buluu mpaka ndani, na mvua zikianza hakuna mnunuzi atakayeutazama. Magogo yale ndiyo yalikuwa chakula na ada za watoto wake.

Tukarudi kama watu waliotoka matembezini. Hatukupokea rambirambi, dada hakubadilisha hata nguo. Majirani wakamwuliza, "Baba watoto hajambo?" Akajibu, "Hajambo, yuko kwa mama yake." Mara ya kwanza alipolitamka nilimwona akishika mwimo wa mlango. Baadaye alizoea, na kuzoea kwake ndiko kulikoniumiza zaidi.

Ofisini walituzungusha kama kawaida yao. Karani wa dirisha la kwanza akasema mwenye muhuri katoka. Wa dirisha la pili akataka karatasi ambayo wa kwanza alikuwa ameikalia. Wakiuliza mwenyewe yuko wapi, dada anasema yuko msituni na vijana, na sahihi anayo mkononi, kwa sababu Shoto alikuwa na tabia nzuri ya kusaini fomu tupu mapema. Picha zake zilikuwa zimebaki kwenye bahasha, na kila dirisha lilimeza moja. Ya mwisho ilibandikwa kwenye hati ya kusafirishia. Nilimwona dada akiitazama bahasha tupu, kisha akaikunja vizuri akaitia kwenye mkoba.

"Jikaze, dada," nikamwambia.

"Nimejikaza mpaka nimekuwa ubao," akajibu. "Unataka nifanye nini kingine?"

Kikabaki kibarua cha nyundo. Tulikwenda msituni Jumapili, walinzi wakiwa mapumzikoni. Mdogo wake Shoto alinyoosha mkono aipokee, dada akaukwepa. "Nyundo ya mume wangu nitaishika mimi." Akagonga gogo moja baada ya jingine, midomo kaiuma, mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Nilikuwa nyuma yake na kopo la rangi la kuandikia namba, nikiona herufi za Shoto zikiingia kwenye mti mbichi, na moyoni nikasema tumemaliza.

Siku ya kupakia ilimlazimu afisa wa misitu aje akague alama na kusaini hati. Watu walimwita Bwana Misitu. Alikuwa rafiki wa Shoto wa kushibana, wa kutaniana mpaka mgeni adhani wanagombana. Kabla hajaliangalia lori aliuliza habari za mwenzake.

"Shemeji, huyu mtu wangu vipi? Simu haipatikani, ujumbe hajibu. Kanikimbia?"

"Yuko kwa mama yake. Kule mtandao shida."

"Mwambie nimekasirika. Usisahau kumwambia."

Dada akasema atamwambia.

Bwana Misitu akaanza kukagua, chaki mkononi, akitania vijana wa kupakia. Nusu ya kwanza aliipita anapiga mluzi. Kisha mluzi ukakatika. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akainama, akaingiza kidole kwenye alama, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Hizi nani kagonga?"

"Shoto," dada akasema.

"Na hizi?"

"Zote ni Shoto."

"Njoo uone, shemeji." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Miaka yote namcheka, namwambia alama zako zimelewa, zote zinalalia kulia. Ni ule mkono wake. Hizi hapa zinalalia kushoto. Aliyegonga ni mtu wa mkono wa kulia."

Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona hilo. Tulikaa na Shoto nyumba moja, tukala naye, na aliyekuwa akizijua alama zake ni mtu wa serikali.

Bwana Misitu akatazama huku na huku, akasogea karibu. "Kaumia mkono, siyo? Kaumia, akakushikisha nyundo mbele yake. Sema hivyo tu. Nitaandika maelezo, nitasaini, lori lipakie."

Nyuma yake mdogo wake Shoto alikuwa akimwitikia kwa kichwa kwa nguvu, sema ndiyo, sema ndiyo. Na mimi nilimkodolea dada macho kwa maana hiyo hiyo, maana njaa ya watoto wake niliiona kwa karibu kuliko sheria. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

Bwana Misitu akamwuliza tena, taratibu kama anayembembeleza mtoto, "Anaumwa tu, siyo, shemeji?"

"Amekufa," dada akasema. "Tumeshamzika."

Yule bwana hakuuliza habari za leseni. Alisema, "Na mimi hamkuniita." Akatugeuzia mgongo, akasimama akiyatazama magogo ambayo Shoto aliyagonga mwenyewe.

Alipogeuka alikuwa ametoa kitabu chake. Akaandika kwamba magogo yote yanazuiliwa, ya alama zinazolalia kulia na ya zinazolalia kushoto, akaomba nyundo, dada akampa. Mdogo wake Shoto akapandisha hasira. "Sasa hivi si ulikuwa tayari kusaini?"

"Nilikuwa namsainia mgonjwa," Bwana Misitu akasema. "Maiti siwezi."

Kisha akafungua faili la Shoto, akaibandua ile picha kwenye hati ya kusafirishia akimung'unya midomo, akampa dada. "Hii haimo kwenye orodha ya mali iliyozuiliwa." Akavua kofia ya kazi, akaketi chini, mgongo kwenye gogo, akalia kwa sauti mbele ya vibarua. Dada, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu makaburini, akakaa pembeni yake, picha mkononi, na kilio chake kikatoka chote kwa pamoja. Dereva akazima injini.

Magogo yalipigwa mnada mvua zikiwa zimeanza, nusu yake buluu. Dada sasa anauza mabanzi ya kuni nje ya kiwanda cha mbao. Mdogo wake Shoto haongei naye mpaka leo, akikutana naye njiani anavuka upande wa pili. Bwana Misitu alikwenda kaburini, akarudi akatueleza kwamba amepanda msonobari na kwamba Shoto angemcheka.

Siku moja, nikimsaidia kufunga mizigo ya mabanzi, nilimwuliza dada kama hajuti.

"Najuta," akasema. "Shule zikifunguliwa najuta sana." Akakaza kamba kwa goti. "Lakini lori lile lingeondoka, mdogo wangu, mpaka leo ningekuwa bado nasema hajambo."