Kichwa cha Daktari Kwenye Kioo

Asubuhi ile niliondoka mtaani kwetu Themi bila kujua ninakwenda wapi. Korona ilikuwa imewafukuza watalii, na kazi yangu ya kuosha magari ya safari ilikwisha nao. Nikapanda lori tupu lililokuwa limeshusha viazi sokoni, likanipeleka magharibi ya Mlima Meru. Liliposimama, nikashuka.

Palikuwa na zahanati. Sikuwa mgonjwa, nilisogea nione tu. Tangazo mlangoni lilisema daktari anaona wagonjwa kwa simu ya video. Daktari mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya dirisha lililofungwa, anaonekana wazi. Nje, kwenye benchi, alikaa bibi wa Kiarusha na mkwewe, mke wa mwanawe, mwenye simu ya kitochi isiyopiga video.

Mkwe aliniomba yangu. Alisema mama hawezi kulala. Usiku huegemea ukuta akitafuta pumzi, na panapouma hataki kusema.

Nikapiga namba ya kwenye tangazo. Daktari, kijana wa Kichaga, akatokea kwenye kioo cha simu na barakoa yake, akamwamkia bibi vizuri. Bibi akageuka upande.

“Hajaniletea kichwa,” alimwambia mkwewe. “Mambo ya mwili wangu nimwambie mtu ambaye sijamgusa kichwa?”

Kwao mdogo huinama, mkubwa humwekea mkono utosini, ndipo mazungumzo yaanze. Mkwe akaeleza hayo. Daktari, mtu mwema, akaiinamia simu mpaka tukaona nywele tupu. Bibi akaweka kiganja kizima juu ya kioo. Simu ikakatika.

Nikapiga tena. Akainama tena, kiganja kikashuka, ikakatika. Kupitia dirishani nilimwona bado ameinama mbele ya simu iliyonyamaza, anangoja. Nilimshauri bibi atumie kidole kimoja. Akanitazama kana kwamba nimemwambia asalimie watu kwa kucha.

Mara ya tatu alinyoosha mkono dirishani. “Si yule pale?”

Daktari akakiri kwa simu kwamba ndiye, lakini utaratibu ni kuzungumza kwa simu.

“Basi huyu wa kwenye simu amwambie yule wa dirishani alete kichwa.”

Daktari alitutazama, akaitazama simu, akafungua dirisha na kutoa kichwa nje. Bibi akainuka kwa taabu, akakigusa, akatamka salamu kwa Kiarusha. Kisha akasema yote bila kuulizwa: miguu inajaa, moyo unakimbia akijilaza, na alinyamaza akiogopa wataiita korona na kumfungia peke yake. Daktari akatoka na kipimo cha presha. Alipomaliza alisema bibi aende hospitali mjini leo hii, asisubiri kesho.

Bibi akakataa. Ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, mkwe ndiye angemsindikiza, na mwanawe alikuwa mbali kikazi. Nani angebaki?

Wote watatu wakanigeukia.

“Wewe unakwenda wapi?” mkwe aliuliza.

Nikasema sijui. Bibi akamuuliza daktari kama ananifahamu. Akajibu kwamba anaifahamu simu yangu. Kisha bibi akaniuliza kama nimewahi kuona ndama akizaliwa.

“Sijawahi, bibi. Ila natamani kuona.”

“Huyu hatalala,” alimwambia mkwewe. “Ita gari.”

Walipoondoka nilipanda njia waliyonielekeza, kati ya migomba na kahawa, mpaka kwenye chumba kando ya zizi lao. Palikuwa na kitanda, blanketi na ndoo ya maji. Nikatua begi langu, nikatoka kumtazama ng'ombe, nisijue hata nisimame upande gani.