Siku Mtaa Wetu Ulipofunua Visima

Katika mtaa wetu hapa Newala, mimi ndiye mtu wa kwanza kusimama mbele ya mchoro wa mipango miji na kuusoma kama wengine wanavyosoma maandishi ya kanga. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna aliyenisaidia kufika hapo. Stashahada yangu ya ujenzi niliipata Dar es Salaam kwa jasho langu. Mchana nilibeba zege kwenye majengo ya watu, jioni niliingia darasani saruji ikiwa bado kwenye kucha. Hakuna mjomba aliyenilipia ada. Niliporudi nyumbani nilirudi na mashine ya kufyatulia matofali, na kitu cha kwanza nilichojenga, kabla hata ya nyumba yangu mwenyewe, kilikuwa kisima cha mama yangu.

Huku juu hatuna mto. Maji ya bomba hupandishwa kutoka bondeni, yakija tunashukuru, yasipokuja hatushangai. Kwa hiyo kila nyumba yenye bati huchimba kisima cha mvua: shimo pana nyuma ya nyumba, ndani linapigwa lipu, juu linafunikwa kwa zege na kuachiwa mlango mdogo wa kupitisha ndoo. Mvua ikinyesha, gata huyaleta maji kutoka paani hadi shimoni, na hayo ndiyo ya kunywa kiangazi kizima. Cha mama nilikisuka nondo kama jengo la ghorofa. Mafundi wa Mkunya na wa Chilangala wamekuja kukitazama, na sijaona kingine mtaani kinachokikaribia.

Mkutano wa hadhara uliitishwa wakati wa kuokota korosho, watu wakaja na mikono bado inanuka mabibo. Afisa mipango miji wa halmashauri, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa vumbi letu jekundu, alibandika mchoro kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa akaeleza barabara mpya itakavyopita. Gari la wagonjwa litafika kila nyumba. Nguzo za umeme zitanyooka. Viwanja vitapimwa na kila mtu atapata hati yake.

"Na barabara hii," akamalizia, "haigusi nyumba hata moja."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa mtaa alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mimi sikupiga, maana nilikuwa nimeshasogea karibu na ukuta. Ni kweli mstari haukugusa nyumba. Ulipita nyuma ya nyumba, kati ya majiko na mikorosho, mahali ambapo mchoro ulikuwa mweupe kana kwamba hakuna kitu.

"Afisa," nikasema, "hapa mmepitisha barabara juu ya visima."

"Visima gani, dada?"

"Vya watu. Karibu kila nyumba unayoiona hapo ina kisima chake nyuma."

Akanitazama, kisha akawatazama watu waliokaa kwenye mabenchi. "Tulipita nyumba kwa nyumba kabla ya kuchora. Swali hilo tuliliuliza kila mlango. Mtaa mzima mlitupa jibu moja: kisima hakuna."

Mtu akakohoa. Mwingine akaanza kukagua ukucha wa kidole gumba cha mguu. Nilielewa papo hapo, kwa kuwa nimezaliwa hapa. Kwetu, kiangazi kikishika, mtu hasemi ana maji. Jirani akikuuliza, unamwambia yamebaki ya kusafishia koo. Mgeni mwenye kalamu akikuuliza, unamwambia hata kisima chenyewe huna, maana nani ajuaye anaulizia nini. Juu ya mfuniko unaanika makopa ya muhogo, au unapanga kuni, na anayepita haoni kitu. Picha aliyochorea afisa ilipigwa kutoka angani. Iliona makopa.

Nikageuka kumtafuta mama. Alikuwa anajifunga upya kanga ambayo haikuwa imelegea.

"Mama?"

"Walikuja kiangazi," akasema. "Ulitaka niwajibu nini?"

Mkutano ukaangua kicheko. Afisa naye alicheka, lakini hakuacha neno lake. "Ninachoweza kukitetea kule ofisini ni kile kilicho kwenye mchoro. Kama visima vipo, nionyesheni. Nitarudi Jumatano ijayo na mkanda wa kupimia. Nikikuta mfuniko wazi, nakipima na kukichora. Mwenye nyumba akiniambia hakuna, nami nitaandika hakuna."

"Na mkishachora vyote, barabara itahama?" nikauliza.

"Vikiwa vingi, itabidi ihame. Kwa kisima kimoja, hapana. Barabara haipindi kwa ajili ya nyumba moja."

Hapo akasimama jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la pili, mtu wa kwaya, mwenye sauti inayojaza uwanja bila kipaza.

"Mama Diploma," akasema, maana ndilo jina wanalonitania nalo, "mimi nilikufundisha kujumlisha huna hata viatu. Leo umerudi kujumlisha maji yetu?"

"Ulinifundisha vizuri, Mwalimu," nikamjibu. "Na kutoa pia. Ndiyo maana najua barabara ikitoa visima kitabaki nini."

Walicheka upande wangu safari hiyo. Lakini kicheko hakifunui kisima, na nilikuwa na wiki moja tu.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Masasi. Nilikuwa nimeupiga picha mchoro kwa simu, na huko kuna duka wanakochapa karatasi pana kama mkeka. Niliusimamia mwenyewe uchapaji mpaka kila nyumba ikaonekana, nikarudi nao umekunjwa kwenye bomba la plastiki, nikaubandika kwenye ukuta wa karakana yangu ya matofali. Mwenye duka aliniuliza kama mimi ni mhandisi. Nilimwambia bado, na sikuona aibu ya hilo neno bado.

Watu wakaanza kuja. Niliwaonyesha: huu mkorosho wako wa pembeni, hili jiko lako, huu mstari ndio barabara. Wakishaona wapi greda litapita, wengi walishika kidevu. Kisha nikawafuata majumbani, nyumba moja baada ya nyingine, jua likiwa kichwani. Na kila nyumba niliambiwa maneno yaleyale.

"Nitafunua, mwanangu. Akishafunua mama yako."

Sikuhitaji kuuliza sababu. Kisima cha mama ndicho kikubwa. Kikifunuliwa cha kwanza, ndoo zote za mtaa zitaelekea kwake, na vya wengine vitapona. Uzuri wa kazi yangu ndio ulionikwamisha.

Mama alikuwa anamenya muhogo nilipomfikia. Nikachukua kisu cha pili nikakaa.

"Nimekwisha kusikia," akasema kabla sijafungua mdomo. "Wanataka nitangulie."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nimeshuka bondeni Kitangari kuchota maji tangu sijajua kufunga kanga yangu mwenyewe. Tunashuka gizani, tunapanda jua likiwaka, na ukijikwaa njiani unarudi ulikotoka. Wewe ukaenda huko, ukapata akili, ukarudi ukanijengea hiki ili nisiombe maji kwa mtu tena. Sasa nikifunue ili niombwe mimi?"

"Barabara ikipita hutakuwa na cha kuombwa."

"Mwalimu peke yake ananitosha. Kila jioni ndoo. Kisima chake kina ufa, masikini, hakikai maji. Mmoja huyo naweza. Mtaa mzima siwezi."

Tukamenya. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Na nikifunua mimi, wengine wasifunue?"

Ningeweza kumdanganya. Niliwahi kuwadanganya mameneja wa Dar es Salaam kwa mambo madogo zaidi, na wakaniamini. "Basi utakuwa umetoa maji yako," nikasema, "na barabara itapita vilevile."

"Nitapoteza vyote viwili."

"Ndiyo."

"Utanijengea kingine?"

"Nitakujengea. Ila sitaki kukujengea kingine, Mama. Nataka hiki."

Aliosha muhogo kwa maji kidogo sana, kama anavyoosha siku zote, akaubandika jikoni. Niliondoka sijui atafanya nini.

Jumatano nilifika alfajiri na kumkuta Mama uwani. Makopa yalikuwa yamezolewa na kuwekwa kwenye ungo. Mfuniko ulikuwa umevutwa pembeni. Mama alikuwa amekalia kigoda karibu na mdomo wa kisima, amevaa kanga zake za Idi, ndoo na kata miguuni. Nikamsalimia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa pale, usiseme kitu. Leo nasema mimi."

Afisa alipofika na mwenyekiti, nyuma yao kulikuwa na watu wengi, na wengi walikuwa na ndoo mkononi. Habari ilikuwa imeshatembea. Mwalimu alikuwa mbele na ndoo yake ya bluu, ile tuliyoizoea.

"Shikamoo, mama," akasema afisa.

"Marahaba, mwanangu. Mara ile ulipokuja nilikuambia sina kisima. Nilikudanganya. Hiki hapa. Amekijenga huyu binti yangu, chungulia uone kazi."

Afisa akapiga magoti, akachungulia. "Maashallah," akasema kwa sauti ndogo.

Ndoo zikaanza kusogea. Mama akainua kata juu kama polisi wa barabarani.

"Taratibu. Kila nyumba ndoo moja, sitamnyima mtu. Lakini ndoo yangu ina masharti. Anayetaka kuchota atangulie na afisa nyumbani kwake, amfunulie cha kwake. Akishapimiwa, arudi. Asiye na kisima, mwenyekiti anamjua, atachota bure."

Mwenyekiti akaanza kucheka, kisha akakumbuka kuwa naye alikuwa na ndoo. Nilimtazama mama yangu, mtu asiyefika hata darasa la nne, nikasema moyoni kwamba sasa najua akili yangu nilirithi kwa nani.

Kwanza hakuna aliyetikisika. Kisha mama mmoja, muuza maandazi wa kona, akasema, "Ah, twendeni kwangu, mimi sina cha kuficha, kimebaki tope tu." Tukaenda. Hakikuwa tope tu, lakini hakuna aliyemwambia kitu. Mimi nilishika ncha moja ya mkanda, afisa akashika nyingine, akachora. Kwa mwenyekiti, kisima kilikuwa chini ya banda la kuku. Kwingine chini ya kuni, kwingine chini ya mkeka wa kuswalia uliotandazwa vizuri mno kwa saa ile. Kila mfuniko ulipovutwa watu walisogea kuchungulia, wakatazamana, wakasema "aisee" kwa upole, kama watu waliokutana mahali ambapo kila mmoja alidhani yuko peke yake.

Tuliporudi uwani kwa mama, Mwalimu alikuwa bado amesimama na ndoo yake.

"Mwalimu, nawe," akasema mama.

"Changu kina ufa, jirani. Unajua tangu zamani."

"Ufa nao unapimwa. Si ndiyo, mwanangu?"

"Unapimwa," akasema afisa.

Tukaingia uwani kwa Mwalimu. Mfuniko ulikuwa chini ya benchi la zamani la kanisani na magunia matupu. Nikauvuta mwenyewe. Maji yalikuwa juu kiasi kwamba afisa hakuhitaji kuinama. Aliona uso wake akiwa wima, na nyuma yake nyuso zetu sote.

Mama akasogea, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "huu ufa wako unavuja kuelekea juu?"

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mwalimu mwenyewe, baada ya kujaribu kukaza uso, alishindwa. "Nilikuwa nakiwekea akiba, jirani," akasema.

"Na changu ulikuwa unakiwekea nini?"

Afisa alirudi na mchoro mpya mvua za kwanza zilipokuwa zinakaribia. Barabara ilikuwa imesogea hadi ukingoni mwa mikorosho, kwenye njia ambayo watu huitumia kwenda mashambani. Mikorosho ya pembeni ililazimika kukatwa, na baadhi ilikuwa yangu. Nilikubali mbele ya watu, kwa sauti, kwa kuwa mtu anayedai lazima naye aonekane akitoa. Kisima cha mama kilikauka kabla ya mvua, kama alivyojua kitakauka. Nikashuka ndani nikapiga lipu upya sakafu nzima, kazi niliyokuwa naitamani miaka, na siku zote hizo mama alichota kwa Mwalimu. Alikwenda jioni, saa ileile Mwalimu aliyokuwa akija kwake, akagonga na kuuliza hali ya ufa.

Siku mchoro ulipobandikwa Mama alinitaka nimwonyeshe kisima chake. Nikamshika kidole nikakiweka juu ya duara dogo la wino, nyuma ya nyumba yetu. Akaligusa. Akaangalia duara la jirani, akarudi kwenye lake.

"Mbona vimelingana?"

"Ni alama tu, Mama. Wamechora vyote sawa."

"Mwambie yule kijana akirudi alikuze la kwangu," akasema. "Hiki si sawa na cha Mwalimu."

Nilimwambia. Nilimpelekea na vipimo.