Vyumba Viwili Juu ya Mwamba

Volkano ilipolipuka mara ya kwanza, lava ilifunika paseli yetu, kiwanja chetu cha Mabanga mjini Goma, pamoja na mipaka yake yote. Baba alijenga upya nyumba ya mbao upande mmoja, juu ya lava iliyopoa. Upande wa pili ulibaki mwamba mtupu. Watoto walichezea pale, mimi nikaanikia nguo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenzangu aliniingiza katika grupu moja ya simu. Watu wa grupu hiyo walikuwa wakifundishana kujenga na kupangisha nyumba. Mle nikakuta blogu ya mama mmoja wa Bukavu, iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Niliisoma wakati wa rekreasyo, wanafunzi wakipiga kelele uwanjani.

Wengi kwenye grupu walizungumzia mikopo ya benki. Nikauliza, "Na sisi wa Goma, wenye mawe tu?"

Mama wa Bukavu akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mama, anza na ile uko nayo. Lakini kwanza ita majirani, muonyeshane mipaka. Usijenge kabla ya ile."

Nilipomwambia baba, alicheka. "Ile ni jiwe, mutoto wangu. Nani atalala kwa jiwe?"

Hata hivyo, siku majirani walipokuja pamoja na mkuu wa avenii, yaani mtaa wetu, baba ndiye aliyetembea mbele akionyesha palipokuwa na miti ya ua wetu. Walikubaliana bila ugomvi. Vijana wakavunja mwamba kwa nyundo, mawe yake yakawa ukuta. Tukasimamisha vyumba viwili vya mbao na mabati. Mpangaji wa kwanza alikuwa fundi seremala aliyekimbia vita Rutshuru na mke wake. Jioni ile baba aliwapelekea viazi mwenyewe.

Kisha volkano ikalipuka tena. Lava haikutufikia, lakini ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, hadi asubuhi moja serikali ikaamuru watu wahame. Fundi na mkewe wakaelekea Sake kwa ndugu zao. Mimi na baba tukapanda boti ya Bukavu bila kujua tutalala wapi. Njiani simu ikalia. Ni yule mama wa blogu.

"Uko wapi, mama?"

"Ndani ya boti, na muzee wangu."

"Basi nawangojea kwa bandari."

Hatukuwa tumeonana hata siku moja. Alikuwa amesimama pale na termosi ya chai, akamshika baba mkono kama baba mkwe wake. Nilidhani ningekuta jumba. Kumbe yeye na watoto wake walikaa katika vyumba vidogo vya nyuma, nyumba nzuri ya mbele wameipangisha. Watoto walimpisha baba kitanda chao.

"Mama, siwezi kukulipa hii," nilimwambia.

"Nani amekuomba? Lokateri wa kulipa ni mutu, mugeni naye ni mutu. Kula."

Tulikaa kwake hadi mji ulipotulia. Tuliporudi, fundi alikuwa ametutangulia, na mlango wetu uliopindishwa na tetemeko ameshaunyoosha.

Miaka michache baadaye waasi wakaingia mjini. Kazi ya fundi ikasimama, nikamwambia akae tu, kodi tutaizungumza amani ikirudi. Risasi zilipolia karibu, alivuka ua akiinama, akambeba baba mgongoni hadi nyuma ya ukuta wa mawe. Tulilala pale chini sote wanne, mke wake akisali kwa Kinyarwanda, baba akiitikia. Maji yalipokatika, wao ndio waliotuchotea ziwani.

Baba bado yuko, na namshukuru Mungu. Wageni wakimuuliza habari za fundi na mkewe, husema, "Ni batoto yangu. Binti yangu alibapata ndani ya simu."