Nazi za Mlango wa Jikoni

Nakumbuka Jumapili moja kule Mbweni, nilikwenda kanisani na suruali nyeupe iliyopigwa pasi ya makaa, nikapiga magoti, nikamwomba Mungu abariki jambo ambalo nilikuwa nimeshaliamua tangu Alhamisi. Usicheke, mwanangu. Na wewe hufanya hivyo hivyo, ila hujajikamata tu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni kijana wa miaka ishirini na minne, karani katika ofisi moja mjini, si mbali na Forodhani. Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu barua za wakubwa. Na mtu akipiga taipu barua za wakubwa miaka mitatu, huanza kudhani maneno yale ni yake mwenyewe. Wazee wa kijijini waliniletea karatasi zao niwasomee, nami nikiwasomea huku nimekunja nne, nikisita kidogo kila penye neno gumu ili waone ugumu wake. Nilikuwa najiona mno, Mungu anisamehe.

Mama yangu alifariki nikiwa mchanga. Aliyenilea ni Bibi Agnesi, shangazi yake baba, mwanamke mfupi asiyejua hata herufi moja, lakini sala za asubuhi na za jioni zote alikuwa nazo kifuani. Baba naye alifariki mwaka ule ninaokusimulia, akaniachia kiwanja, nyumba ya udongo, kisima, na minazi saba ambayo haikuwa yetu.

Wewe ni mtoto wa Unguja, hili unalijua: ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule. Zamani babu yangu alimruhusu jirani yake apande minazi kiwanjani petu. Walikubaliana kwa mdomo, wakapeana mikono, yakaisha. Huyo jirani alipofariki minazi ikawa ya mwanawe, Ami Haji, Muislamu, mtu wa asili ya Makunduchi, ambaye mimi nilizaliwa nikamkuta. Kila alipoangua, Ami Haji alikuja mlango wetu wa jikoni akaita, "Hodi wenyewe!" Bibi akajibu, "Karibu, Haji!" Ndipo huweka fungu la nazi chini, wakaulizana hali, akenda zake.

Sauti ile, mwanangu. Ingekuwa sauti hununuliwa, ningaliuza baiskeli yangu na shati la mwilini.

Basi nilitaka kujenga nyumba ya mawe yenye bati, nioe, na watu wajue kwamba karani anakaa hapa. Minazi ikanizuia. Nikaanza kufikiri, na fikra ikanijia ambayo niliiona kubwa sana. Kwa nini Ami Haji alituletea nazi kila akiangua? Nikajijibu mwenyewe: ile ni kodi. Na mtu anayetoa kodi amekiri kwamba mali si yake. Alhamisi, wenzangu wa ofisini walipotoka kwenda kula, nikapiga taipu barua nzuri kabisa. Ilisema kwamba kwa kuwa yeye mwenyewe kwa miaka yote amekuwa akitoa kodi ya nazi, minazi ni mali ya mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja sasa hataki mpangaji. Wazee walisema akili nyingi huondoa maarifa. Mimi nilidhani methali ile ilitungiwa watu wengine.

Jumapili ndiyo ile niliyokwenda kuombea baraka. Nilipotoka kanisani nikamfuata Ami Haji uani kwake. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo nikamsomea mwenyewe, tangu tarehe mpaka sahihi. Alinisikiliza amesimama, kofia mkononi. Nilipomaliza akaivaa kofia yake, akasema, "Lau babaako yuhai, angalinambia kwa mdomo."

Nikamwambia mambo ya siku hizi ni ya maandishi.

"Haya," akasema. "Mungu yupo."

Nikarudi nyumbani nimefurahi. Nilidhani maombi yangu yamejibiwa.

Zikapita wiki. Nazi zikakomaa, nyengine zikaanguka zenyewe, na hodi haikuja. Bibi akaniuliza jikoni, "Haji kulikoni? Mgonjwa?" Hapo ndipo nilipomsimulia, tena kwa majivuno, nikamfafanulia na ile hoja ya kodi. Alikuwa anakuna nazi. Akaacha, akabaki ameikalia mbuzi ameshika kifuu mkononi.

"Nani kakwambia zile kodi?"

"Nimefikiri mwenyewe, Bibi."

"Ulimuuliza nani?"

Nikageuka kutazama mlango wa jikoni.

"Mimi nnakaa jikoni humu miaka yote, hukuniuliza. Na Mungu je?"

"Nilisali, Bibi. Jumapili ile nilisali."

"Ulimuuliza, au ulimwarifu?"

Kisha akanieleza, polepole, bila kunipigia kelele, na laiti angalinipigia. Nilipozaliwa mama alikuwa hoi na baba yuko safarini. Aliyechimba shimo la kuzika kitovu changu ni Haji. Akapanda mnazi juu yake, ule wa karibu na kisima, akasema huu si wangu, huu wa mtoto. "Tangu ulipoanza kuzaa," Bibi akasema, "Haji hajala hata nazi yake moja. Anaupanda, anaangua, anakuletea. Hakuwa akileta kodi, mjukuu wangu. Akikuletea mali yako."

Nilikimbia mpaka kwa Ami Haji. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Majirani wakanambia amehama usiku na mkewe, amerudi Makunduchi, na hakutaka kuaga kwa sababu hakutaka kuulizwa.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu nilimbeba usiku na mchana. Bibi hakunilaumu tena. Alinambia tu, "Akili unayo, tena imezidi. Omba hekima. Mungu hamfokei anayeomba. Lakini ukiomba, kaa kimya kidogo usikie." Nikajaribu. Ilikuwa vigumu kuliko kazi yoyote ya ofisini, kukaa mbele ya Mungu bila kumpangia. Siku ya tatu au ya nne sikusikia sauti wala sikuona nuru. Nilijua tu kwamba nipande gari la shamba niende Makunduchi, na kwamba nisichukue karatasi.

Nilimkuta Ami Haji kwa nduguze, anasuka kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikapiga magoti mchangani, nikamwambia yote, nikamwomba arudi, minazi ni yake. Akanishika bega. "Nshakusamehe tangu siku ile. Lakini kurudi, hapana. Nshazoea huku." Nilipoaga akanipa mche wa mnazi, uliochipua vizuri, akasema, "Kapande. Huu nao wako."

Nilirudi nimeupakata mche ule garini, nalia, na watu wananitazama. Maji yakimwagika hayazoleki. Msamaha niliupata, mwanangu, ila jirani sikumpata tena. Nyumba ya mawe niliijenga upande wa pili wa kiwanja, sikukata mnazi hata mmoja. Mpaka leo, nikiwa jikoni asubuhi, humtegea sikio yule mtu. Nayatamani yale maneno mawili kama nilivyowahi kutamani chakula siku ya njaa. Ami Haji alikwisha kufariki, Mungu amrehemu, na kila nikiangua hupeleka nazi za minazi yake kwa wajukuu zake Makunduchi. Hupitia mlango wa jikoni. Hupiga hodi.

Sasa lishike hili. Elimu itafute, ni njema; mimi imenilisha. Lakini hekima ya dunia hutazama kitendo cha jirani ikauliza, nitapata nini hapa? Hekima ya Mungu huuliza, huyu ananipenda vipi ambavyo mimi sijui? Ukitaka kuamua jambo, usiende kwa Mungu na barua iliyokwisha kupigwa sahihi. Nenda mikono mitupu. Muulize Yeye, kisha uwaulize na waliokaa jikoni miaka yote. Kuuliza si ujinga.

Bwana akupe moyo unaosikia kabla ya mdomo unaosema. Akulinde na akili yako mwenyewe siku itakapozidi. Na mlango wako wa jikoni, mwanangu, usikose mtu wa kuupigia hodi.