Mguu wangu umekuwa meza ya mtihani wa huruma

Jamani, leo nimelazwa hapa Korogwe nikageuzwa meza!

Mwanafunzi wa uuguzi alikuwa anapimwa huruma. Mgonjwa ndiye mimi, nesi mstaafu.

Mwalimu wake akaja, akabwaga faili juu ya mguu wangu uliovunjika, akaanza kuandika.

Binti mwanafunzi akaniamkia, akauliza habari za nyumbani Kwamsisi.

"Unapoteza muda," mwalimu akamkatisha. "Onyesha huruma!"

Nikashindwa kunyamaza. "Mwalimu, sisi tuliosomea kazi hii enzi za Ujamaa, msahihishaji wetu alimuuliza mgonjwa kwanza."

Akacheka. "Haya bibi, unampa ngapi?"

"Binti nampa kumi. Wewe toa faili mguuni, halafu uanze na shikamoo."

Mwalimu akaikagua fomu yake ya alama, juu mpaka chini.

"Shikamoo haimo humu."

Mpeni alama nyie. Mimi mguu unauma.